CVP: presha ya vena kuu inaweza kupimwa bila kuchoma shingo?

Ndugu wanaouguza wagonjwa ICU, wodi ya mahututi, hapa Dodoma, wengi wakiwa wametoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, huwasikia madaktari wakitaja CVP. Haya ndiyo wanayouliza.

Daktari, hiyo si presha ile ile ya mkononi?

Hapana. Ya mkononi ni ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. CVP ni presha ya vena kuu, mshipa unaorudisha damu upande wa kulia wa moyo. Nayo ni ndogo: kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 2 hadi 8 za zebaki. Ikipanda, huenda maji yamezidi mwilini au moyo umeelemewa.

Mbona wengine wanawekewa mpira shingoni?

Mpira ule hupima moja kwa moja, tena hupitisha dawa kali za kupandisha presha. Ila unaweza kutoboa ateri au pafu, na baadaye kuingiza vijidudu kwenye damu. Kama tunachotaka ni makadirio tu, naona si haki kumchoma mgonjwa kabla ya kujaribu njia nyepesi.

Njia zipi hizo?

Ya kwanza haihitaji hata umeme. Kitanda kinainuliwa upande wa kichwani hadi nyuzi kama 45, uso unageuzwa kidogo kushoto, tochi inamulika shingo kwa ubavu. Daktari anatafuta mpigo wa vena ya kulia: unaonekana ukicheza mara mbili kwa kila pigo la moyo, lakini ukiugusa kwa kidole huusikii. Mpigo wa ateri unausikia. Kisha anasimamisha rula kwenye kituta cha mfupa wa kifua, pale mbavu za pili zinapoungana nao, anapima kwenda juu hadi usawa wa pale mpigo unapoishia, na kuongeza sentimita 5. Akikuta 3 juu ya kituta, jumla ni sentimita 8 za maji, yaani karibu milimita 6 za zebaki. Kwenye shingo nene mpigo huo ni mgumu kuuona.

Ya pili ni ultrasaundi. Kifaa chenye jeli kinawekwa juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua, na vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha moyoni damu ya sehemu ya chini ya mwili, inaonekana ikipita nyuma ya ini. Ikiwa upana wake hauzidi sentimita 2.1 na inasinyaa zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta hewa ghafla kwa pua, CVP inakadiriwa kuwa milimita 3 za zebaki. Ikiwa pana zaidi na haifiki nusu kusinyaa, ni kama 15. Ikiwa na dalili moja ya huku na moja ya kule, ni 8.

Na aliye kwenye mashine ya kupumulia?

Viwango hivyo havimfai. Mashine husukuma hewa ndani ya kifua, hivyo vena hutanuka wakati ambapo kwa anayepumua mwenyewe ingesinyaa.

CVP ikiwa ndogo, si aongezewe dripu haraka?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa na 2 na asihitaji maji. Zambia walifanya utafiti, ukachapishwa 2017, kwa watu wazima wenye sepsis, yaani mwili kuelemewa na maambukizi, na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu, madaktari wakiangalia vena ya shingo, walifariki asilimia 48. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33.

Ndiyo maana mnaweza kutukuta tumemlaza mgonjwa chali na kumwinua miguu kwa dakika moja. Damu ya miguuni hurudi moyoni, nasi tunaangalia kama moyo utasukuma zaidi. Usipobadilika, tunaishusha miguu, na hakuna tone la ziada lililoingia.

Mkija kumwona, tuambieni kama ana ugonjwa wa moyo au figo, na mje na dawa zote anazotumia nyumbani. Mtu wa figo au moyo hubeba maji vibaya, na chati peke yake haitatuambia hilo.