Maana ya TD: Fundi Anayewatengenezea Mafundi Zana

Mwishoni mwa filamu yoyote kubwa ya uhuishaji wa kompyuta, majina ya watendakazi yanapoanza kupanda kwenye skrini, mtazamaji mwenye subira atakutana na cheo ambacho kwa Kiingereza huandikwa technical director, na ambacho wenye kazi yao hukifupisha kuwa TD. Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "mkurugenzi wa ufundi", nayo inapotosha. Mkurugenzi kwetu ni mtu mwenye ofisi, muhuri na watumishi walio chini yake. TD katika studio nyingi hana hata msaidizi mmoja, na siku yake huipitisha mbele ya kompyuta akiandika msimbo, akirudia hesabu, na kutafuta sababu ya koti la mhusika kupenya kifuani mwake kila anapoinua mkono. Katika studio moja wanaweza kuwapo makumi ya watu wenye cheo hicho kwa wakati mmoja.

TD ni mtaalamu anayefanya kazi kati ya msanii na kompyuta. Anaijua kompyuta kiasi cha kuunda zana ambazo hazikuwapo jana, na anaijua sanaa kiasi cha kuelewa msanii anachokitafuta hata pale msanii mwenyewe asipoweza kukieleza kwa lugha ya hesabu. Mfano wa karibu ninaouona ni wa mhunzi, ambaye halimi shamba la mtu, lakini jembe alilolifua vibaya humchosha mkulima kabla jua halijapanda. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kumwita fundi, neno ambalo katika Kiswahili limebeba heshima ya kutosha bila kumpa mtu madaraka asiyokuwa nayo.

Cheo hiki kisichanganywe na majina yanayofanana nacho. Katika matangazo ya televisheni ya moja kwa moja, anayeitwa hivyo ni mtu anayebadilisha picha kutoka kamera moja hadi nyingine, na katika jumba la maonyesho ni msimamizi wa jukwaa, taa na vifaa vyake. Hata ndani ya uhuishaji kuna msimamizi mkuu wa TD wote, ambaye huyo kweli ni kiongozi. Katika Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, nafasi hiyo ilishikwa na William Reeves, mtaalamu ambaye nitamrejea hapa chini.

Ili kuona kazi yenyewe, tuangalie mkono wa mhusika. Mchongaji anapoukabidhi, mhusika ni sanamu tupu, yaani wavu wa maelfu ya nukta zilizounganishwa kwa vipande vidogo vyenye pande nne. Sanamu hiyo haiwezi kupunga mkono wala kukunja ngumi. TD wa wahusika hupanga viungo ndani yake, kwenye bega, kwenye kisugudi na kwenye kifundo cha mkono, kisha huiamuru kila nukta ya ngozi ifuate kiungo kipi na kwa kiasi gani. Nukta iliyo katikati ya kigasha itafuata kigasha peke yake, ilhali iliyo kwenye kifundo itagawana, nusu ikifuata kigasha na nusu ikifuata kiganja. Kompyuta hutafuta mahali ambapo nukta ingekuwa kama ingefuata kiungo cha kwanza pekee, ikatafuta pia mahali ingekuwa kama ingefuata cha pili pekee, kisha huiweka katikati ya mahali hapo pawili.

Hesabu hiyo ni nyepesi na ya haraka, lakini ina kasoro. Kiganja kikigeuzwa nyuzi 180, kama mtu anayefungua kitasa cha mlango, mahali hapo pawili huwa ni pande mbili za mkono zinazotazamana, na katikati yake ni ndani kabisa, kwenye mfupa. Kifundo husinyaa na kunyongoroka kama karatasi ya peremende. Mhuishaji hawezi kuirekebisha kasoro hii kwa kipaji chake, kwa kuwa haimo katika mwendo aliouchora. Imo katika zana aliyopewa. TD huitatua kwa kuongeza viungo vingine vya siri ndani ya kigasha, vitatu au vinne, kila kimoja kikibeba sehemu ndogo ya mzunguko, na kwa kufanya hivyo anaiga maumbile, kwa maana kigasha cha binadamu kina mifupa miwili inayopishana mkono unapogeuka. Kusoma anatomia, kwa TD wa aina hii, ni sehemu ya kazi.

Baada ya viungo huja vishikio, yaani alama ambazo mhuishaji atazivuta ili kumwendesha mhusika. Hapa TD huamua mambo mengi ambayo mtazamaji hatayajua kamwe. Mhuishaji anapotaka kiganja kitulie juu ya meza huku mwili ukisogea, hapaswi kukokotoa pembe ya bega na ya kisugudi katika kila picha. Hukiweka kiganja pale anapotaka, kompyuta ikatafuta pembe hizo yenyewe. Lakini kiganja kikiwa mahali pamoja, kisugudi bado kinaweza kuelekea chini, nje au juu, na majibu yote hayo ni sahihi kwa hesabu, kwa hiyo TD huongeza kishikio kingine cha kusema kisugudi kielekee wapi. Ukiyazidisha maamuzi kama hayo kwa mwili mzima, utaelewa ni kwa nini Woody, yule mwanasesere wa Toy Story, alikuwa na vishikio zaidi ya 700, vikiwamo zaidi ya 200 vya uso peke yake. Mwigizaji wa Kenya, Lupita Nyong'o, alipomwigiza Maz Kanata katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015, mienendo ya uso wake ilinaswa kwa kamera ili ihamishiwe kwenye uso wa kiumbe asiyefanana naye hata kidogo. Uhamisho wa aina hiyo hutegemea mafundi walioamua ni msuli upi wa uso wa binadamu ulingane na kishikio kipi cha uso wa kiumbe.

TD wa madoido hushughulika na moto, moshi, maji, vumbi na mabomoko, vitu ambavyo hakuna mhuishaji awezaye kuvisogeza tone kwa tone. William Reeves niliyemtaja alikuwa miongoni mwa waliofungua njia hii. Mwaka 1982, akiwa Lucasfilm, alitengeneza ukuta wa moto unaotambaa juu ya sayari katika filamu ya Star Trek II kwa kutumia chembe nyingi ndogo ambazo kila moja ilizaliwa, ikasafiri, ikabadilika rangi na kufa kwa kanuni alizoziweka yeye, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya mbinu hiyo, ambayo hadi leo ni msingi wa kazi hizi. Moshi na maji vilihitaji zaidi. Nafasi hugawanywa katika vijisanduku vidogo, na kompyuta hukokotoa mwendo wa hewa au maji ndani ya kila kimoja. Nafasi yenye vijisanduku 100 kwa kila upande ina vijisanduku 1,000,000; ukitaka moshi wenye undani maradufu, utagawanya kila upande mara 200, na jumla inaruka hadi 8,000,000. Msanii anayeomba moshi "wenye undani kidogo zaidi" anaweza kuwa anaomba mzigo mara nane, na ni TD anayepaswa kujua kama mashine zitaumudu kabla ya siku ya kukabidhi kazi, au kama kuna hila nyingine itakayoridhisha jicho kwa gharama ndogo.

Manyoya nayo yana fundi wake. Sulley wa Monsters, Inc., filamu ya mwaka 2001, alikuwa na nywele zinazokaribia milioni 2.3. Nywele chache za kuongoza ndizo zilizokokotolewa kwa uzito, upepo na mgongano, na nyingine zote zikafuata jirani zake.

Taa na uchakataji wa picha ya mwisho ndipo muda unapogeuka kuwa fedha. Filamu hupita kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Tuseme kila fremu inahitaji saa 10 za kompyuta moja: jumla ni saa 1,296,000, karibu miaka 148. Ndiyo sababu studio huwa na vyumba vilivyojaa kompyuta zinazogawana fremu usiku na mchana. Toy Story ilichakatwa kwa kompyuta 117, na studio za leo zina nyingi kuliko hizo mara nyingi sana. TD wa taa akigundua kwamba kioo kimoja kilicho nyuma ya mhusika kinachukua nusu ya muda wa uchakataji, na akakirahisisha bila jicho kutambua, ameokoa wiki nzima.

Kisha yupo TD asiyegusa picha yoyote. Kazi yake ni njia ambayo kazi za wengine hupitia: faili ziitwe vipi, toleo lipi ni la mwisho, sanamu iliyorekebishwa leo asubuhi ifikeje kwa watu wa taa bila kuvunja walichokifanya jana. Huandika zaidi kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na hutegemea miundo ya faili ambayo studio zimekubali kuichangia, kama OpenEXR iliyotolewa na Industrial Light & Magic mwaka 2003 na USD iliyotolewa na Pixar mwaka 2016. Nadhani huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote, hadi siku mambo yanapoharibika. Mwaka 1998, Toy Story 2 ikiwa katikati ya utengenezaji, amri moja iliyoendeshwa kwa makosa ilifuta sehemu kubwa ya faili zake, na nakala za akiba zikakutwa hazifai. Filamu iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, msimamizi wa TD wa filamu hiyo, alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, ambako kompyuta yake ilikuwa na nakala.

Anayetaka kazi hii anahitaji hisabati ya vekta na matriki, msimbo, mazoea ya mfumo wa Linux, na jicho lililofunzwa kuangalia vitu halisi vinavyosogea. Zana za kuanzia zinapatikana bila malipo: programu ya Blender, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2002, ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025. Katika studio kubwa za London, Vancouver au Wellington, TD huajiriwa kwa fungu moja tu la kazi nilizozieleza, na mara nyingi kwa mkataba wa filamu moja. Kwa hiyo anayesoma tangazo la kazi aanze na neno linaloandamana na TD, kwa kuwa ndilo linalosema kama anatafutwa mtu wa viungo, wa moshi, wa taa au wa faili. Katika studio ndogo, zikiwamo za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, neno hilo mara nyingi halimo kabisa: mhuishaji yule yule anayemsogeza mhusika ndiye pia aliyempangia viungo, na ndiye atakayeamka alfajiri kuangalia ni fremu zipi zilikwama usiku.