Mpango mkakati wa kijiji ni kitu gani hasa?

Muulize mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji nchini Uganda, kama kijiji chake kina mpango, na mara nyingi atafungua daftari akusomee: barabara, umeme, zahanati, shule, maji, soko. Hayo ni maombi. Mpango mkakati huanza pale wakazi wanapokubali kwamba hawatavipata vyote, wakachagua viwili au vitatu, wakapatana nani atafanya nini, kwa fedha ipi, na mpaka lini.

Neno "mkakati" huwatisha watu, kana kwamba ni kazi ya wasomi wa Kampala. Lengo ni mahali mnapotaka kufika. Mkakati ni njia mliyoamua kupita, pamoja na zile mlizoamua kuziacha. "Tunataka maji" bado si lengo. "Kufikia kiangazi kijacho, mtu wa kijiji hiki asitumie zaidi ya nusu saa kwenda kisimani na kurudi" hilo linapimika, hata kwa mtoto mwenye jerikani. Mkakati wake unaweza kuwa kufufua pampu iliyokufa badala ya kusubiri kisima kipya, na kila nyumba kuchanga kidogo kila mwezi kwa ajili ya fundi na vipuri.

Kwa Uganda jambo hili si hisani ya viongozi. Kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa baraza la kijiji. Wale kumi tunaowaita kamati ni watendaji wake. Nayo Katiba ya 1995, ibara ya 190, inaitaka wilaya iandae mpango unaobeba mipango ya ngazi za chini. Kwa hiyo sauti ya kijiji inapaswa kupanda hadi muluka (parish), gombolola (sub-county), kisha wilaya. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo kijiji kinachokutana Mei kimeshachelewa: bajeti imekwisha kuandikwa.

Wengi huchanganya mpango na fedha za PDM (Parish Development Model), ule mradi wa serikali uliozinduliwa Februari 2022 unaopeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila muluka. Fedha hizo hupitia SACCO (ushirika wa akiba na mikopo) na kukopeshwa watu kwa shughuli zao za kujipatia kipato. Hazichimbi kisima.

Kazi ngumu ni mkutano wenyewe. Ukiuitisha saa nne asubuhi, akina mama wako shambani, na walio chini ya mwembe ni wazee na vijana wa boda boda wanaosubiri abiria. Bora alasiri. Halafu kuna swali la posho ya kikao. Mkishaanza kuilipa, mkutano ujao usio nayo hautapata watu.

Njia ninayoipenda haihitaji karatasi. Chora ramani ya kijiji ardhini kwa kijiti: njia, shule, kisima, kinamasi. Kisha weka alama tano au sita za mahitaji, kila mwanamke apewe maharage matatu na kila mwanamume punje tatu za mahindi, waweke wanapotaka. Huenda mahindi yakarundikana barabarani na maharage kisimani. Usiharakishe kuhesabu jumla. Waulize wanaume kwa nini penye maji hapana punje hata moja, kisha nyamaza. Dakika kumi zinazofuata zina faida kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Mkishakubaliana, andikeni ukurasa mmoja kwa lugha inayosemwa hapo kijijini, mbandike nakala ukutani mwa duka, watu wanaponunua sabuni na sukari. Tangu 2009 serikali imekuwa na mikutano inayoitwa kwa neno letu wenyewe, baraza, ambapo maofisa hueleza mbele ya wananchi fedha zimefanya nini. Siku ofisa akisimama kueleza, mtu aibandue ile nakala dukani aende nayo.