Unataka kazi ya macho? Kabla hujalipa ada kokote soma hapa kwanza

Mbukwenyi wote. Kila matokeo ya form four na form six yakitoka simu yangu haipumziki, mara mzazi kutoka Kibaigwa, mara kijana wa Nkuhungu aliyepewa namba yangu na mjomba wake niliyempima miwani, na swali ni lilelile: "dokta, mwanangu anapenda mambo ya macho, asomee nini?" Mimi siyo daktari, ni optometrista hapa Dodoma, yaani mtaalamu wa kupima macho na kuandika miwani, na huwa naanza kurekebisha hapohapo maana kwenye hilo neno "dokta" ndo mkanganyiko wote unapoanzia. Watu wanaona mtu kavaa koti jeupe kashika tochi anachungulia jicho, basi wote wanaitwa madaktari wa macho, kumbe pale kliniki tunaweza kuwa watu wanne, tumesoma vyuo tofauti, miaka tofauti, na tumesajiliwa na mabaraza tofauti kabisa.

Na hilo la mabaraza ndo naomba ulishike kuliko yote nitakayosema leo. Wengi wanachagua kozi kwa kuangalia ada na muda, wanasahau kuuliza swali la msingi: nikimaliza, nani ataniruhusu kugusa jicho la mtu? Optometrista anasajiliwa na Baraza la Optometria, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama chuo chako hakitambuliki na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ngazi ya cheti na diploma, au TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa digrii, hilo baraza halitakusikiliza hata ulie.

Nayasema haya kwa uchungu. Kuna kijana aliwahi kuja kliniki na bahasha, ndani ana cheti cha miezi sita cha "kupima macho na kutengeneza miwani", karatasi ngumu, muhuri wa dhahabu, jina lake limeandikwa vizuri. Mama yake aliuza alizeti ya msimu mzima kulipia ile kozi. Alitaka nimpokee afanye kazi. Nikamwambia tuangalie pamoja kwenye mtandao wa NACTVET kama chuo kipo, tukatafuta kwa jina refu, tukatafuta kwa kifupi, hakipo. Alikaa kimya pale kwenye kiti cha wagonjwa muda mrefu, mimi pia sikuwa na la kumwambia. Kuangalia kwenyewe kulituchukua dakika tano, na ingeweza kufanyika kabla ya alizeti kuuzwa.

Wengine wananitumia wasapu picha za vyeti vya Marekani, wananiuliza naweza kusoma hii kwa intaneti? Mara nyingi wanakuwa wameona COA, COT na COMT. Hivyo siyo vya uongo, ni vyeti halali vya taasisi inaitwa IJCAHPO, vinapanda ngazi kwa ngazi, COA ndo ya chini na COMT ya juu, na mwenye navyo lazima avihuishe kila baada ya miaka 3. Lakini ni vyeti vya wasaidizi, yaani watu wanaofanya kazi chini ya daktari bingwa wa macho kule kwao: kuchukua historia ya mgonjwa, kupima presha ya jicho, kupiga picha za retina. Kwa hapa kwetu havikupi leseni ya kufungua chumba na kupima watu. Kama una kazi tayari na unataka kuongeza maarifa sawa, ila usivifanye ndo mlango wa kuingilia.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Naanza na optometria kwa sababu ndo yangu na naipenda. Kuna diploma ya miaka 3 na kuna digrii, na jina ambalo kila mtu atakutajia ni hospitali ya KCMC Moshi, maana wameshafundisha optometrista wa nchi hii miaka mingi, na digrii ipo pale kwenye chuo kikuu chao, KCMC University, zamani kikiitwa KCMUCo. Kwa form four unahitaji masomo ya sayansi, na kwa form six PCB (fizikia, kemia na bayolojia) ndo inakufungulia mlango bila maswali mengi. Alama kamili zinazotakiwa soma kwenye mwongozo wa mwaka unaoapulai, usisome wa kaka yako aliyeomba zamani, maana vigezo hubadilika.

Watu wanashangaa ninavyosisitiza fizikia. Wanasema jicho si bayolojia? Ngoja nikuonyeshe. Alikuja mtoto wa darasa la nne na bibi yake, shuleni wamesema mzito wa kuelewa, anakopi kila kitu kwa jirani yake. Nikapunguza mwanga wa chumba, nikakaa naye umbali wa mkono wangu, sentimita 67 hivi, nikashika retinoskopu, kitochi cha kupimia jicho, nikatupia ule mstari wa mwanga kwenye mboni na kuutikisa taratibu. Ndani ya mboni unaona mng'ao mwekundu unatembea. Ukitembea upande uleule mwanga wako unakoenda unaweka lenzi za plasi, ukienda kinyume unaweka za mainasi, unabadilisha moja baada ya nyingine mpaka ule mng'ao unaacha kutembea, unajaa mboni yote kwa mara moja. Kwa huyu mtoto ulikuwa unaenda kinyume, nikafika mainasi 2.50 ndo ukatulia. Halafu unatoa 1.50, kwa sababu ulikuwa umekaa sentimita 67 na siyo mbali kule kwenye ubao, na nguvu ya lenzi ni moja gawanya kwa umbali kwa mita, moja gawanya kwa 0.67 unapata hiyo 1.50. Jibu mainasi 4. Maana yake bila miwani mtoto anaona vizuri mwisho sentimita 25, baada ya hapo ni ukungu. Daftari la jirani analiona, ubao haujawahi kuwepo kwenye maisha yake. Nilipomvalisha fremu ya majaribio hakusema chochote, akageuka kwenye kalenda ya ukutani akaanza kusoma kwa sauti namba ya simu iliyochapwa chini kabisa. Tarakimu zote kumi. Bibi yake akaniuliza, "kwani ile ni namba?"

Hakuna kipimo cha damu pale, hakuna dawa, ni fizikia ya lenzi na mkono uliozoea. Kama fizikia huipendi kabisa, optometria itakutesa, bora nikwambie leo.

Ila lazima uelewe na mpaka wake. Optometrista anapima, anaandika miwani, anatambua magonjwa, na akiona mtoto wa jicho amekomaa au dalili za presha ya macho anampeleka mgonjwa kwa daktari. Hapasui. Nimeona vijana wanaingia optometria huku ndoto yao ni upasuaji, wanamaliza na kinyongo. Kama unataka kisu, nenda njia ya kisu.

Na njia ya kisu ni ndefu, sitaipamba. MD, yaani digrii ya udaktari, miaka 5, hapa nyumbani UDOM ipo, halafu intaneshipu mwaka 1, wengi wanafanya kazi kidogo kwanza, ndo unarudi kusoma MMed ya macho, yaani digrii ya ubingwa, MUHAS kule Dar au hapohapo KCMC, miaka mingine 3 au 4. Kuna pia ufeloo, yaani njia nyingine ya ubingwa, wa COECSA, chuo cha madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanza 2012 kwa kuunganisha vyama viwili. Kwa hiyo hesabu miaka kumi tangu unaingia chuo mpaka unaitwa bingwa. Wazee wetu wengi waliotoa mtoto wa jicho huku mikoani hawakupita hapo, walikuwa AMO, yaani madaktari wasaidizi, waliosomea macho, na walifanya kazi kubwa mno, ila ukisikia mtu anakushauri upite njia hiyo leo jua anakupa ramani ya zamani.

Njia ambayo vijana hawaniulizi kabisa, na inaniuma, ni uuguzi wa macho. Unasoma uuguzi wa kawaida kwanza, unasajiliwa, unafanya kazi, halafu unaongeza utaalamu wa macho, na KCMC wamewafundisha wauguzi wa macho kwa miaka mingi. Watu wanaona kama ni kazi ya kuweka matone na kubandika bandeji. Kwa mkoa huu wa Dodoma hapo wanakosea sana, na sababu ni vikope.

Wewe uliyekulia Kongwa, Chamwino au Bahi unajua ninachosema. Trakoma, ndo hivyo vikope, inaanza utotoni, macho yanawasha na kutoa tongotongo, nzi wanahamisha kutoka uso wa mtoto huyu kwenda wa mwenzie, inajirudia mara nyingi mpaka ndani ya kope kunakuwa na makovu, na yale makovu yanavuta ukingo wa kope kuingia ndani, nywele zinaanza kuchana kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kongwa yetu hii imeandikwa kwenye majarida ya dunia kwa ajili ya ugonjwa huu, watafiti wa Johns Hopkins wamefanya kazi pale tangu miaka ya 1980, na utafiti wao uliotoka 1995 ulionyesha kwamba watoto wakioshwa nyuso, pamoja na kuwekewa dawa ya macho, trakoma kali inapungua. Kuosha uso tu, ila mahali ambapo maji yanafuatwa mbali siyo "tu". Siku hizi mkakati una vipande vinne, upasuaji, antibayotiki, usafi wa uso na mazingira, na ile dawa ya kumeza ya azithromaisini hutolewa msaada, mnakumbuka wale wanaopita vijijini na fimbo wanawapima watoto urefu ili wajue kipimo cha dawa.

Nikiwa fildi nilikutana na bibi mmoja alikuwa na kibano kidogo cha chuma, amekifunga kwenye kamba shingoni kama mkufu. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza cha nini. Akainama, akavuta kope la juu kwa kidole gumba akang'oa unywele bila hata kioo cha kujitazama, kwa kupapasa. Kila asubuhi ndo kazi yake ya kwanza kabla ya kuwasha moto. Siku ile aliyemfanyia upasuaji wa kugeuza kope ni muuguzi aliyefundishwa, ganzi kidogo, mshono, bibi akarudi nyumbani siku ileile jicho moja limefungwa. Mimi na digrii yangu nilikuwa nimesimama pembeni nashika tochi. Kwa hiyo ukiniambia uuguzi wa macho ni ngazi ya chini sitakubaliana na wewe, hasa kama unataka kufanya kazi huku katikati ya nchi na siyo mjini tu.

Ufundi wa miwani nitausema kwa kifupi, kukata lenzi, kupima umbali wa mboni na mboni, kukaza fremu isimbane mtu masikio. Ni kazi ya heshima na ina hela, ila hakikisha unajifunza kwa mtu mwenye leseni na usivuke kwenda kupima macho ya watu mwenyewe.

Swali lingine ninaloulizwa ni kuanza na diploma au kusubiri digrii. Mimi nilianza na diploma na sijutii, nilifanya kazi, mkono ukazoea, nikarudi digrii nikiwa najua ninachouliza darasani. Ila ukipita huku linda GPA yako kuanzia mwaka wa kwanza, maana chini ya 3.0 mlango wa digrii unakuwa mgumu sana na hutaweza kuirekebisha ukiwa ushamaliza. Kuhusu hela, HESLB, bodi ya mikopo, tangu mwaka wa masomo 2023/24 wameanza kukopesha na wa diploma kwenye maeneo ya kipaumbele na kozi za afya zimo, kwa hiyo usiseme sina ada kabla hujasoma mwongozo wao. Na ada siyo kitu pekee, kutoka hapa kwenda Moshi kupitia Kondoa na Babati ni safari ya kutwa nzima, panga chumba, msosi na nauli za likizo mapema, wazazi wengi hawalihesabu hili.

Yule kijana wa cheti cha muhuri wa dhahabu aliomba upya, sasa yupo chuo kinachotambulika, anasoma uuguzi. Alichagua mwenyewe, baada ya kukaa wiki mbili anaangalia kliniki inavyoenda.

Kwa hiyo ukinipigia, anza kunitajia matokeo ya fizikia, kemia na bayolojia, halafu uniambie kama umeshawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya macho asubuhi nzima, iwe hospitali ya General, iwe Mkapa, iwe Mvumi. Kama bado, omba ruhusa kwa utaratibu uende wiki hii, fika mapema kabla foleni haijaanza kutembea.