Mchelea mwana kulia: methali tunayoisoma kinyume

Ni nadra wiki ipite bila mzazi kuniletea methali hii katika chumba changu cha ushauri wa malezi. Wa mwisho alikuwa baba wa mtoto wa miaka minne (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane). Mtoto alikuwa sakafuni akipanga vibao vya rangi, baba ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamuuliza, mtoto akikataa kutii nyumbani huwa anafanyaje.

"Namchapa, daktari. Sipendi, lakini wahenga walishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sitaki kuja kulia uzeeni."

Nikamwomba airudie polepole, neno kwa neno. Mchelea. Kuchelea ni kuogopa, kuhofia jambo lisije likatokea. Anayesemwa hapo ni mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe. Methali inamwonya mzazi mwoga. Haijamwagiza mtu amlize mtoto. Kati ya kutoogopa kilio na kukisababisha pana umbali mkubwa, na karibu kazi yangu yote hufanyika ndani ya umbali huo.

Alicheka kidogo, akasema hajawahi kuitazama hivyo. Kisha akauliza swali lililonifanya niandike haya: "Sasa nisipomchapa, si nitakuwa kama mama yake?"

Yaani kwake kuna wazazi wa aina mbili tu, mkali na mpole, na mkali akilegea basi amehamia upande wa pili. Wengi wetu tunafikiri hivyo, kwamba upendo na nidhamu ni kamba moja, ukivuta huku kunapungua kule. Miaka ya 1960 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwachunguza watoto wa shule ya awali na wazazi wao, akaona namna tatu za kulea. Kuna mzazi anayeamuru na kutaka utii usio na swali. Kuna anayeachia, mwenye mapenzi tele lakini hana "hapana" inayodumu. Halafu kuna wa tatu, mwenye masharti yake na anayeyasimamia kweli, ila huyaeleza, husikiliza ubishi wa mtoto, na mtoto akimjia na machozi humpokea. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliyapanga upya mambo hayo kwa vipimo viwili vinavyojitegemea: mzazi anadai kiasi gani, na anaitikia kiasi gani. Ukipima hivyo, inajitokeza namna ya nne, mzazi asiyedai wala kuitikia. Yupo nyumbani, lakini hayupo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule baba lilikuwa: hapana, hutakuwa kama mama yake. Unaweza kupanda kwenye kipimo cha kuitikia bila kushuka hata kidogo kwenye kipimo cha kudai.

Sipendi namna hizi nne zinapogeuzwa vyeti vya kuvalishana shingoni. Hakuna anayekaa ndani ya namna moja siku nzima. Mimi mwenyewe, kati ya alasiri na saa ya kulala, nimewahi kuzipitia zote nne, na ya nne niliipitia nikiwa na simu mkononi. Tena familia alizozichunguza Baumrind zilikuwa hasa za Wamarekani weupe wa tabaka la kati, na tafiti zilizofanywa kwingine hazikutoa picha ileile kila mara. Na mtoto naye humlea mzazi wake. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto wa New York tangu uchangani, waliona kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na silika ngumu: halali kwa mpangilio, hulia kwa nguvu, hukataa kila kipya. Mzazi wa mtoto kama huyo huonekana mkali au mlegevu kuliko jirani yake, kumbe jirani hajapewa mtihani huo. Walichosisitiza ni kuchukuana: je, malezi haya yanachukuana na silika ya mtoto huyu? Yaliyomfaa dada yake huenda yeye yakamvuruga.

Jambo moja kuhusu umri kabla sijaendelea, maana hapa methali hutumiwa vibaya kuliko popote. Mtoto wa miezi mitatu hakuchezei akili. Kilio ndiyo lugha pekee aliyo nayo, na hakuna cha kumkomoa wala kumzoesha kwa kumwacha ajililie peke yake. Mwaka 1972 Silvia Bell na Mary Ainsworth walichapisha utafiti uliodai kwamba watoto waliowahiwa walipolia walilia kidogo zaidi kadiri mwaka wa kwanza ulivyosonga. Ulikuwa utafiti mdogo, wa familia 26 tu, na watafiti wengine waliupinga baadaye. Hata hivyo mchanga mwitikie. Tunayemzungumzia hapa ni yule anayeweza kusema "nataka".

Sasa niwaonyeshe kilio chenyewe kinavyofanya kazi. Mama mmoja na binti yake wa miaka mitano walikuwa wakimaliza saa yao kwangu. Simu ya mama ilikuwa mezani. "Mama, naomba simu." Mama akasema hapana. "Mama, simu." Subiri. "Mama! Simu!" Nimesema subiri. Nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo. Ombi la tano lilijibiwa na "hivi wewe husikii?", la saba na "nitakuacha hapahapa!" Kwa la tisa mtoto alikuwa chini, anapiga miguu. Mama akanitazama kwa aibu, akamwekea simu mkononi. "Haya, dakika tano tu." Kimya. Wote wawili wakashusha pumzi.

Gerald Patterson, aliyefanya kazi Oregon kwa miaka mingi na familia zilizoelemewa na watoto wakorofi, aliueleza mtego huu vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Pale kimya kiliporudi, kila mmoja alipata zawadi yake: mtoto amepata simu, mama amepata utulivu. Mtoto amejifunza kwamba kuomba kwa adabu hakuna faida, faida iko kwenye ombi la tisa, sakafuni, kwa hiyo kesho ataanzia karibu na hapo. Mama naye amejifunza kwamba kutoa kunanyamazisha. Geuza sasa uone upande wa mkali. Baba anafoka, mtoto ananyamaza, baba amepata zawadi ya utulivu na amejifunza kwamba kufoka kunalipa. Siku sauti ikizoeleka ataipandisha, na sauti ikishindwa kuna mkono. Mdekezaji na mchapaji wanalaumiana mchana kutwa, nao wamo shimo moja. Wote wawili wamekichelea kilio; mmoja ameamua kukinunua, mwingine ameamua kukiziba.

Kutoka shimoni ni kazi inayoanza kabla neno halijatoka mdomoni. Amua kwanza. Kama simu utampa, mpe kwenye ombi la kwanza. Hujamdekeza, umempa tu alichoomba vizuri. Kama humpi, sema mara moja, kwa ufupi, ukiwa umechutama usawa wa macho yake, kisha nyamaza. Usihubiri. Usimtishe kwa jambo usiloweza kulitekeleza; yule mama hakuwa na nia ya kumwacha mtoto ofisini kwangu, na mtoto alilijua hilo kabla yangu. Halafu kaa. Mwambie unaona amekasirika, kwamba kukasirika ruksa, na kwamba simu ndiyo basi kwa leo.

Atalia. Na siku za mwanzo atalia zaidi ya alivyozoea, kwa sababu mlango uliokuwa ukifunguka kwa kusukumwa sasa haufunguki, na mtu yeyote hapo husukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kukata tamaa. Wazazi wengi huachia hasa hapo kileleni, wakasema njia hii haifai. Kumbe wamemfundisha kufika kileleni.

Kuhusu kuchapa sitazunguka. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, na waliangalia kuchapa kwa mkono kwa kawaida, siyo mateso. Kuchapwa kuliendana na ugomvi zaidi, ukaidi zaidi na uhusiano dhaifu na mzazi. Manufaa ya kudumu hayakuonekana. Kuendana si kusababisha, najua, na huenda mtoto mkaidi ndiye huchapwa zaidi. Ila dawa isiyoonyesha nafuu kwa watu wengi kiasi hicho mimi siiandiki. Uswidi ilipiga marufuku kuwachapa watoto mwaka 1979, ikiwa ya kwanza duniani. Yule baba aliniambia, "Mimi nilichapwa na nimekuwa mtu." Nikamuuliza mara ya mwisho alichapwa kwa kosa gani. Alifikiri kitambo. Fimbo aliikumbuka, na mahali aliposimama, na shati alilovaa. Kosa hakulikumbuka.

Wajibu mwingine niupitie haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 18, unasema malezi ni jukumu la wazazi wote wawili. Aliyelipa ada hajamaliza zamu yake. Na si lazima baba na mama wafanane kwa kila kitu, ila "hapana" ya mmoja isivunjwe na mwingine mbele ya mtoto. Bishaneni chumbani.

Lililobaki ndilo ninaloliona zito, nalo ni kurudi kwa mtoto baada ya kukosana naye. Edward Tronick, aliyewatazama akina mama na vichanga wao sekunde kwa sekunde, aliona kwamba hata wanaopatana vizuri huwa wameshikana kihisia kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Uliobaki ni kupotezana na kutafutana. Mwanangu alipokuwa na miaka saba alimwaga maji juu ya daftari langu la kazi, nikampigia kelele ambazo ningemkemea mzazi yeyote kwazo. Baada ya robo saa nilimfuata. Sikusema "samahani, lakini na wewe", maana hiyo ni kesi, haijawa radhi. Nilisema nimepiga kelele, nimekutisha, halikuwa jambo zuri. Akanitazama. "Lakini daftari bado limelowa," akasema. Ni kweli, na sharti la kutocheza na maji mezani lilibaki palepale. Tukalikausha pamoja, karatasi moja baada ya nyingine.

Yule baba alinipigia simu baada ya siku tatu. Walikuwa wamezima televisheni.

"Amelia dakika kumi na saba, daktari. Sikumgusa. Nilikaa naye hapohapo chini."

Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwaje.

"Nilitetemeka kuliko yeye." Akanyamaza kidogo. "Na kesho?"

"Kesho atalia tena," nikamwambia. "Huenda zikawa dakika ishirini."