Besi ya sabuni: ni kitu gani, na inakubali kuongezwa nini

Besi ya sabuni ni sabuni iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, ikatiwa viungo vinavyoiwezesha kuyeyuka kwa joto la wastani na kuganda tena. Unainunua ikiwa bonge kubwa, nyeupe au angavu, unaikatakata, unaiyeyusha, unatia rangi na harufu, kisha unaimimina kwenye moldi. Baada ya saa chache inatoka ikiwa na umbo lako, na unaweza kuiogea siku hiyo hiyo.

Hapa Nyanda za Juu Kusini wengi wetu tumezoea mafunzo ya sabuni ya maji na ya mche, yale ya vikundi vya akina mama na ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kwa hiyo mtu akisikia besi, anafikiri ni malighafi mojawapo, ya kuweka kundi moja na salfoniki au kostiki, kemikali za kutengenezea sabuni. Sivyo. Kemia yote imeshamalizika kabla kifurushi hakijashushwa stendi ya Nanenane pale Uyole. Mambo karibu yote yanayomshangaza mtu anayejaribu besi jikoni kwake, iwe mafuta ya parachichi kutoa tone juu ya sabuni au limao kuikatisha, chanzo chake ni hicho.

Tuanzie nyuma kidogo. Sabuni yoyote ngumu hutokana na mafuta na kostiki soda, ambayo kitaalamu ni hidroksidi ya sodiamu. Ukichukua mawese ya Kyela au alizeti ya Iringa, ukachanganya na maji ya kostiki kwa kipimo sahihi, mafuta yanavunjika: sehemu kubwa inashikana na sodiamu na kuwa sabuni, na inayobaki ni gliserini. Kila kilo 10 za mafuta hutoa takriban kilo 1 ya gliserini. Viwanda vikubwa vingi huitenganisha kwa maji ya chumvi na kuiuza peke yake. Anayetengeneza nyumbani kwa njia ya baridi, yaani bila kupika, huiacha humo humo, kisha anasubiri wiki 4 hadi 6 sabuni ikomae. Kostiki yenyewe si ya mchezo. Inaunguza ngozi, ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na ukiitia kwenye maji, maji yanapanda joto yenyewe bila jiko hadi kupita nyuzi 80. Nyumba yenye watoto wanaotambaa ina sababu nzuri ya kuanza na besi.

Sasa, kwa nini usikwangue tu sabuni ya kawaida ukaiyeyusha? Ijaribu kwa kipande kidogo utaona. Haiyeyuki. Inalainika, inageuka uji mzito wenye mabonge, na ukiongeza moto inaungua. Sabuni ya kawaida imejipanga kwa fuwele ndogo ndogo zilizoshikana sana, na joto la jikoni haliziachanishi vizuri. Kwenye besi, kiwanda huongeza viyeyushi: gliserini ya ziada, propilini glaikoli, sobitoli, pengine sukari na pombe. Hivi hukaa katikati ya chembe za sabuni na kuzizuia zisijenge fuwele kubwa. Hapo unapata faida mbili kwa mkupuo: sabuni inayeyuka kwenye nyuzi 60 hadi 70, na mwanga unapenya ndani yake. Ujuzi huu una umri mkubwa. Sabuni angavu ya Andrew Pears ilianza kuuzwa London mwaka 1807, na siri yake ilikuwa pombe na gliserini. Besi nyeupe ni ile ile, imetiwa tu unga mweupe wa titani dayoksaidi.

Soma lebo kabla ya kulipa. Besi nyingine zina slesi, kemikali ile ile ya sabuni ya maji, kwa ajili ya kuongeza povu. Si kosa, ila anayetafuta sabuni ya mtoto au ya ngozi inayokauka haraka atapenda kujua. Na besi iliyoandikwa maziwa ya mbuzi au siagi ya shea mara nyingi ina kiasi kidogo tu cha hivyo vitu. Sehemu kubwa ni sabuni, gliserini na viyeyushi kama zile nyingine.

Kuyeyusha ni kazi nyepesi. Katakata vipande vidogo, weka kwenye bakuli, bakuli likae juu ya sufuria ya maji ya moto. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Njombe chini ya hapo kidogo. Bado ni moto mkali kuliko besi inavyohitaji. Mwenye jiko la mkaa aepue sufuria maji yakishachemka, aweke bakuli, afunike. Gramu 200 zilizokatwa ndogo zitayeyuka bila moto mwingine. Besi iliyochemshwa inapoteza maji, inageuka njano, inakuwa ngumu na yenye kuvutika, na harufu yake haifichiki hata kwa manukato. Koroga taratibu pia, kwa sababu kila kishindo cha mwiko kinaingiza mapovu. Mapovu yaliyobaki juu baada ya kumimina hupasuka ukiyapulizia spiriti ya duka la dawa. Lakini spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo ipulizie mbali kabisa na jiko.

Kwenye viungo vya kuongeza ndipo watu hupenda kujaribu, na ndipo wanapoharibu.

Mafuta kwanza, maana mikoa hii ina parachichi tele, Njombe na Rungwe hasa, na wazo la sabuni ya parachichi humjia kila mtu. Kwenye sabuni ya kostiki, mafuta unayoongeza yanakutana na kostiki na kugeuka sabuni. Kwenye besi hakuna kostiki iliyobaki ya kuyageuza. Ni kama kutia unga kwenye ugali ulioshaiva: unabaki unga. Mafuta yatabaki mafuta, yatapunguza povu, yatalainisha kipande, na yakizidi yatajitenga na kutoa matone juu. Kiasi salama ni kama asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo nzima ya besi, vijiko viwili vya chai hivi. Asali nayo ipewe kiwango hicho hicho. Ikizidi sabuni inakuwa laini na inanata mkononi.

Parachichi lenyewe lililopondwa, usitie. Wala karoti, tango, aloe vera iliyokamuliwa leo asubuhi, wala maziwa mabichi. Vyote hivyo ni maji na chakula, na ukungu unahitaji hivyo viwili tu. Sabuni itapendeza siku za mwanzo, kisha itaingia madoa meusi na harufu ya kuoza. Nimeona mabango mengi ya sabuni ya matunda halisi, na ushauri wangu ni kumuuliza muuzaji tunda limewekwa likiwa katika hali gani. Likiwa limekaushwa na kusagwa, sawa. Likiwa bichi, mwachie mwenyewe.

Limao ni kisa kingine. Maji ya limao au siki ni asidi, na sabuni ipo upande wa pili, upande wa alkali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho katikati yake ni 7, ni 9 hadi 10. Asidi inaichukua sodiamu kutoka kwenye sabuni na kurudisha asidi za mafuta, ambazo hazitoi povu. Unachokiona bakulini ni mabonge meupe, kama maziwa yaliyokatika, na hakuna namna ya kuyarudisha. Ukitaka harufu ya limao, tumia mafuta ya ganda lake au mchaichai.

Manjano yatakuonyesha huo upande wa pili kwa macho. Unga uliokuwa wa njano jikoni unageuka rangi ya chungwa au wekundu wa udongo ndani ya sabuni, kwa sababu rangi yake hubadilika inapokutana na kitu chenye pH ya juu. Anayeshangaa hapo hudhani kauziwa manjano feki. Hapana, ni manjano safi yanafanya kazi yake. Tia kidogo sana, kiasi cha kushika kwa vidole viwili kwa gramu 100, ukikanda kwanza na gliserini kidogo ili yasifanye vidonge. Ukizidisha, taulo nyeupe ndiyo itakayolipa. Halafu rangi hiyo hufifia ikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo sabuni za manjano zisipangwe dirishani.

Majani ya kijani hayabaki kijani. Mlonge, mwarobaini, chai ya Mufindi iliyosagwa, maua yaliyokaushwa: vyote vitaelekea kahawia ndani ya siku au wiki chache. Kahawa ya Mbozi na kakao ya Kyela hazina shida hiyo kwa kuwa ni kahawia tangu mwanzo. Masalia ya kahawa yanafaa kwa sabuni ya kusugua visigino, mradi yakaushwe kabisa juani kwanza. Yakiwa na unyevu tumerudi kwenye ukungu.

Chembe nzito huzama ukimimina besi ikiwa ya moto sana. Subiri ishuke hadi nyuzi 50 hivi, ianze kuwa nzito, ndipo ukoroge na kumimina. Hapa baridi ya Juni na Julai inaingia kazini. Dar es Salaam una muda mrefu wa kusubiri. Njombe au Makete asubuhi, besi inaweza kufanya utando bakulini kabla hujamaliza kukoroga. Pasha moldi kidogo, na fanyia kazi karibu na sufuria ya maji ya moto ili bakuli lirudi likianza kuganda. Baridi hiyo pia inaharibu sabuni za tabaka: tabaka la kwanza likipoa kabisa, la pili halishiki, na mteja anaogea vipande viwili. Mimina la pili wakati la kwanza limefanya utando lakini bado lina uvuguvugu, ukilipulizia spiriti kwanza.

Harufu huwekwa mwishoni, joto likiwa kati ya nyuzi 55 na 60, kwa asilimia 1 hadi 3 ya uzito kulingana na maelekezo ya chupa. Mafuta ya mkaratusi ni makali, yaishie asilimia 1. Pafyumu ya kupaka mwilini haifai. Ina pombe nyingi na harufu yake hupotea.

Kisha kuna jasho. Unaamka unakuta sabuni ina vitone vya maji juu, ukadhani imeharibika. Ni gliserini imevuta unyevu wa hewa, kama ilivyo tabia yake kwenye ngozi pia. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na Tukuyu wakati wa mvua, jasho ni la uhakika. Iringa mwezi wa Agosti, hewa ikiwa kavu, unaweza usilione kabisa. Dawa yake ni kufunga kila kipande kwa nailoni inayobana mara kinapopoa, na kutokiweka kwenye friji, kwa sababu kikitoka humo unyevu wa hewa ya chumba unafanya matone juu yake. Kifutwe tu kwa kitambaa, bado ni sabuni nzima.

Kwa majaribio, pima kwa mzani mdogo wa jikoni. Kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine. Yeyusha gramu 300, gawa mara tatu, sehemu moja ibaki bila kitu, nyingine mbili zitofautiane kwa kiungo kimoja tu. Sehemu isiyo na kitu ndiyo itakayokuambia kama tatizo ni kiungo chako au besi yenyewe. Andika tarehe kwenye karatasi ya kila kipande, viache wiki kadhaa, viogee, uangalie povu, ulaini, rangi na harufu. Vilivyokatwa vibaya vinaweza kuyeyushwa tena, lakini usirudie mara nyingi, kwa kuwa kila mara maji yanapungua.

Anayewaza kuuza ana kazi ya ziada. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na sabuni ya kuogea nayo ina viwango vyake huko. Wajasiriamali wadogo huanzia ofisi ya SIDO ya mkoa kupata barua ya utambulisho. Usiandike kwamba sabuni inatibu fangasi au chunusi, hayo ni madai ya dawa. Na usikubali mtu akushawishi kutia vidonge au krimu ya kung'arisha ngozi ili sabuni ilipe haraka. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na mkorogo ulioyeyushwa ndani ya besi nzuri unabaki mkorogo. Kwenye lebo orodhesha kila kilichomo, ukianza na viungo vya besi kama vilivyoandikwa na kiwanda, halafu ulivyoongeza wewe, na tarehe ya kumimina.