Rezolusheni ya picha si idadi ya pikseli

Mama mmoja alikuja dukani kwetu hapa Moshi akitaka picha ya marehemu baba yake itolewe kwa ukubwa wa inchi 16 kwa 20, iwekwe kwenye fremu kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya mwaka. "Itatoka vizuri tu, mwanangu," akasema, "simu iliyoipiga ina megapikseli 50." Kuhusu simu alisema kweli. Lakini picha yenyewe ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi mawili ya ukoo, na programu za ujumbe hupunguza picha ili isile bando. Faili iliyonifikia ilikuwa na pikseli 1600 kwa 1200. Zidisha: 1,920,000. Hata megapikseli 2 hazikutimia.

Pikseli ni kidoa kimoja cha rangi. Idadi ya pikseli ni hesabu ya vidoa vyote, upande mmoja mara upande wa pili, na kila vidoa milioni moja tunaviita megapikseli. Rezolusheni ni jambo jingine: ni uwezo wa picha kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Nyuzi mbili za kitambaa, je, zinaonekana mbili au zimekuwa ukungu mmoja? Kwenye karatasi tunaangalia ni pikseli ngapi zimeingia katika inchi moja. (Ukitafsiri "resolution" ya Kiingereza kwa mashine utaletewa "azimio". Siliafiki. Azimio ni uamuzi wa watu waliokaa kikao, kama Azimio la Arusha la 1967, wala halimsaidii mtu kuielewa picha yake.)

Chukua mahindi. Debe la mbegu ni lilelile, ulipande nusu eka au ulitawanye eka kumi. Likibanwa, shamba linajaa. Likitawanywa, utaona udongo katikati ya miche. Picha ya yule mama ilikuwa na pikseli 1200 upande mfupi. Zitandaze kwenye inchi 16, unapata 75 tu kwa inchi. Picha ya kushika mkononi tunapenda ifike 300, ya fremu ukutani 200 au hata 150. Nilipoikuza kwenye kioo cha kompyuta nimwonyeshe, kope za mzee zilikuwa ngazi za vibokisi. Faili hiyohiyo ukiitoa inchi 4 kwa 6 inapata zaidi ya 260 kwa inchi, na inapendeza kabisa.

Umbali nao una sehemu yake. Picha yenye upana wa pikseli 4000 ukiitandaza kwenye bango la mita 3 inabaki na pikseli kama 34 kwa inchi, lakini anayelitazama kutoka ng'ambo ya barabara haoni kasoro.

Kuna wabunifu wa mabango wanaokataa picha kwa sababu kompyuta imeandika pikseli 72 kwa inchi, wanataka isomeke 300. Namba hiyo peke yake ni maelekezo kwa printa. Pikseli 4000 zikiandikiwa 72 zinatoa karatasi ya inchi 55 na nusu, zikiandikiwa 300 zinatoa inchi 13 na kidogo. Ni zilezile 4000. Na ukiilazimisha kompyuta iongeze nyingine, inakisia kwa kutazama za jirani. Kope za mzee yenyewe haijawahi kuziona.

Jaribu jambo hili asubuhi, kabla mawingu hayajafunika Kibo. Simama mjini Moshi, vuta mlima kwa vidole kwenye simu hadi ujae kioo, kisha piga. Simu nyingi hapo hukata kipande cha katikati na kukijazia pikseli hadi idadi yake ya kawaida, tuseme megapikseli 12. Mwenye kamera ya megapikseli 12 na lenzi ndefu akisimama kando yako, hesabu zenu ni sawa. Sasa tazameni ukingo wa barafu. Kwake ni mstari, unaona mahali theluji inapoishia na jiwe linapoanzia. Kwako ni uji. Lenzi, uangavu wa hewa, mkono usiotikisika, hata alama ya kidole kwenye kioo cha kamera, vyote vinaamua rezolusheni, na hakuna hata kimoja kinachoandikwa kwenye boksi la simu. Boksi lenyewe linahitaji hesabu: kutoka megapikseli 12 hadi 24 hujaongeza upana wa picha mara mbili. Kwa hilo unahitaji 48.

Yule mama nilimwomba ampigie kaka yake aliye Arusha, ndiye aliyepiga picha, aitume ya asili kama faili. Ilifika jioni: pikseli 3000 kwa 4000, kwa kuwa simu ile ya 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja. Hiyo ni karibu 190 kwa inchi. Tulipoitoa, mama aliisogeza karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya kola ya shati bila kuigusa, akasema mshono ule aliushona yeye.