Sarafu za Shaba za Roma: Picha Tunazozisoma Vibaya

Dhana: Zilikuwa za bronzi, zenye rangi ya kijani.

Kijani ni kutu ya karne nyingi ardhini. Tena, tangu mageuzi ya Augustus, kaisari wa kwanza, yapata mwaka 23 KK, sarafu kubwa iitwayo sestertius ilikuwa mchanganyiko wa shaba na zinki, iking'aa manjano karibu na dhahabu. Ile ndogo, as, ilikuwa shaba nyekundu tupu.

Dhana: Mwanamke wa upande wa nyuma wa sarafu ni mke wa kaisari.

Mara chache, ndiyo. Mara nyingi zaidi hana sura ya mtu yeyote; ni wazo lililovishwa mwili, ingawa baadhi yao waliabudiwa pia, kama Pax, aliyekuwa na madhabahu yake Roma. Achana na uso, tazama mikono. Akishika mizani ni Aequitas, yaani haki. Akishika tawi la mzeituni ni Pax, amani. Ukiona masuke ya ngano na omo ya merikebu pembeni, huyo ni Annona: nafaka iliyovuka bahari kutoka Misri na Afrika Kaskazini kuja kulisha jiji. Hata asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe kwamba kwa kaisari huyu chakula kipo.

Dhana: Picha ni taarifa ya yaliyotokea.

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 69 BK makaisari wanne walifuatana, na zikapigwa sarafu zenye mikono miwili iliyoshikana na maneno Fides Exercituum, uaminifu wa majeshi. Majeshi yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiwaweka na kuwaondoa! Yapata mwaka 65 kaisari Nero alionyesha kwenye sarafu hekalu la Janus, mungu wa milango, likiwa limefungwa milango, ishara ya amani kila mahali. Mwaka 66 Uyahudi ikaasi. Mtawala aliandika anachotaka kiaminiwe. Mara nyingine kililingana na mambo yalivyokuwa: Jerusalem ilianguka mwaka 70, na mwaka 71 kaisari Vespasian akatoa sarafu za Uyahudi kama mwanamke aliyeketi chini ya mtende, akiomboleza.

Dhana: Kaisari Constantine alipoufuata Ukristo, alama zake zilijaa kwenye sarafu.

Aliiteka Roma mwaka 312, ushindi unaohusishwa na kuufuata kwake Ukristo, lakini mungu Jua aliendelea kuonekana kwenye sarafu zake za shaba kwa miaka kadhaa. Ile maarufu ya mwaka 327, bendera yenye alama ya Kristo ikimchoma nyoka, ni adimu mno.

Dhana: Neno AFRICA kwenye sarafu za kaisari Hadrian ni bara letu zima.

Ni jimbo la Kirumi lililozunguka Carthage, Tunisia ya leo na jirani zake. Yule mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo anasimamia nchi hiyo tu.